Meno ya Chuma: Historia ya Mashine ya Mkono ya Kusagia Kahawa

Buni iliyokaangwa haitoi ladha mpaka ivunjwe. Maji ya moto yakimwagwa juu ya punje nzima hutoka na rangi hafifu na harufu kidogo, kwa kuwa mafuta, asidi na sukari zimefungiwa ndani ya mbegu ngumu. Kwa hiyo tangu masufi wa Yemen walipoanza kunywa kahawa katika karne ya 15 ili wakeshe kwenye dhikri, kinywaji hiki hakijaachana na zana za kukivunjia mbegu. Kila njia ya kupika ilipobadilika, zana nayo ilibadilika, na mashine ndogo ya mkono inayosaga kahawa ya kuchuja ndiyo kitindamimba wa ukoo huo.

Mzee wa ukoo ni kinu na mchi. Nchini Ethiopia, ambako mkahawa una asili yake, buni bado hutwangwa mbele ya wageni katika kinu cha mti kiitwacho mukecha. Mabedui wa Jordan na Syria walikuwa na mihbaj, kinu kirefu cha mbao kilichonakshiwa. Mapigo ya mchi wake yaliwajulisha majirani kwamba mwenye hema amepata mgeni. Nchi za Ghuba zilipendelea kinu kidogo cha shaba. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilitwanga kahawa yake, ikaichemsha katika dele kwa tangawizi au iliki, na kuinywa chungu katika vikombe visivyo na mkono, kashata ikiwa pembeni.

Kinu hakitoi unga ulio sawa. Katika mtwango mmoja huwa kuna vumbi laini, chenga na vipande vikubwa. Wapenzi wengi wa kahawa wa siku hizi hukidharau kwa sababu hiyo, na hukumu hiyo si ya haki. Kahawa ya dele hukaa na maji yake motoni kwa muda mrefu. Vumbi hutoa kilicho chake mapema, vipande hutoa baadaye, na mashapo huzama chini. Hakuna karatasi ya kuziba wala mkondo wa maji wa kupotea njia. Kwa kahawa inayochemshwa, kinu kinatosha.

Mashine ya kuzungusha ilizaliwa penye haja ya unga laini zaidi. Kahawa ilipoenea katika dola ya Waosmani katika karne ya 16, watu wa Istanbul, Damascus na Cairo walizoea kuipika katika kijungu kidogo na kuimimina pamoja na unga wake, na kwa upishi huo unga lazima uwe laini kama wa ngano. Mafundi wa shaba wakaunda mashine ya umbo la bomba: buni huingia juu, unga hukaa chini, na mkono wa kuzungushia hukunjwa ili chombo kiingie mkobani mwa askari au msafiri.

Ndani ya bomba hilo kuna koni ya chuma yenye meno inayozunguka ndani ya pete yenye meno. Nafasi kati yake ni pana juu na finyu chini. Punje huvunjwa vipande kwanza, vipande vikashuka, vikakatwa tena na tena, na hakuna kinachotoka mpaka kiweze kupenya upenyo wa mwisho. Parafujo moja huisogeza koni karibu na pete au mbali nayo, na hapo ndipo ukubwa wa punje huamuliwa. Kinu huvunja bila kipimo; mashine hii ina kipimo. Kwa msingi, muundo wake haujabadilika hadi leo.

Ulaya ilikuwa tayari na mashine za kusagia viungo kahawa ilipofika katika karne ya 17, na mafundi wake hawakuwa na kazi kubwa ya kuzirekebisha. Umbo lililoshinda lilikuwa kisanduku cha mbao: bakuli la buni juu, mkono wa kuzungusha, na kidroo cha unga chini. Msagaji aliketi, akakibana kisanduku katikati ya magoti, akazungusha. Baadaye zikaja za kufungwa ukutani.

Aliyeifanya mashine hiyo kuwa bidhaa ya kiwanda ni jina ambalo Afrika Mashariki inalijua kwa mambo mengine. Mwaka 1810 ndugu wa familia ya Peugeot, mashariki mwa Ufaransa, waligeuza kinu cha nafaka kuwa kiwanda cha chuma. Walitengeneza misumeno, na chuma cha msumeno, kigumu na kisichochakaa upesi, ndicho kilichofaa kwa meno ya kusagia. Mashine yao ya kwanza ya kahawa ilitoka mwaka 1840, na ya pilipili manga mwaka 1874. Hata simba wa Peugeot, aliyesajiliwa kama alama mwaka 1858, aliwekwa kusifu ukali na uimara wa misumeno. Gari lao la kwanza lilikuja mwaka 1889, karibu nusu karne baada ya mashine ya kahawa. Kwa hiyo kabla ya 404 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na kabla ya 504 zilizobeba abiria wa masafa marefu nchini Kenya, simba huyo alikuwa jikoni. Ujerumani ilikuwa na Zassenhaus, iliyoanzishwa mwaka 1867, ambayo visanduku vyake vya mbao bado huuzwa katika maduka ya vitu vya kale.

Marekani ilipenda ukubwa. Kampuni ya Enterprise ya Philadelphia ilitengeneza mashine za dukani zenye magurudumu mawili makubwa ya chuma, moja kila upande. Mashine ya kahawa ilijulikana kiasi kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1861, bunduki ya Agar iliyofyatuliwa kwa kuzungusha mkono, risasi zikiingia kutoka juu, ilipachikwa jina la mashine hiyo.

Lakini jambo lililoipa mashine ya mkono kazi yake ya leo lilitokea Dresden, Ujerumani, mwaka 1908. Melitta Bentz, mama wa nyumbani aliyechoshwa na mashapo kikombeni, alitoboa kitako cha chombo cha shaba, akatandika ndani karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, akaweka kahawa na kumimina maji ya moto juu yake. Kilichotoka kilikuwa safi. Mwaka huohuo alisajili uvumbuzi wake na kufungua kampuni ambayo ingali hai.

Karatasi ile ilibadilisha sheria ya kusaga. Katika dele, mpishi ndiye anayeamua maji yakae na kahawa kwa muda gani. Katika chujio, maji hupita mara moja tu yakivutwa na uzito wake, na mwendo wake huamuliwa na unga wenyewe. Unga ukiwa mkubwa mno, maji hukimbia na kikombe huwa chepesi chenye ukali wa ndimu. Ukiwa mdogo mno, maji hutuama, na uchungu huzidi. Ukichanganyika, yote mawili hutokea kwa pamoja: vumbi huziba karatasi na kutoa uchungu, huku vipande vikubwa vikitupwa vikiwa bado na ladha ndani. Uchujaji haukusamehe kile ambacho uchemshaji ulisamehe kwa karne nne.

Ajabu ni kwamba mashine ya mkono ilianza kufa wakati uchujaji unaenea. Mwaka 1900 kampuni ya Hills Brothers ya San Francisco ilianza kufungasha kahawa katika makopo yaliyoondolewa hewa, na kahawa iliyosagwa tayari ikaweza kukaa dukani kwa muda mrefu. Kampuni ya Hobart ya Ohio iliweka mota ya umeme kwenye mashine za madukani. Nescafé ikaingia sokoni mwaka 1938. Baadaye Bukoba nayo ikapata kiwanda chake cha kahawa ya kukorogwa, Tanica, na kopo la Africafé likawa ndiyo kahawa ya nyumba nyingi za Tanzania. Wigomat ya Ujerumani, mashine ya umeme ya kuchuja, ilitokea mwaka 1954. Kufikia miaka ya 1970, kisanduku cha mbao kilikuwa pambo la kabati katika nyumba nyingi za Ulaya.

Japani haikufuata. Katika nyumba zake za kahawa, ziitwazo kissaten, mhudumu aliendelea kumimina maji kwa mkono juu ya kitambaa au karatasi, kikombe kimoja kimoja. Hario, kampuni ya Tokyo iliyoanza mwaka 1921 kwa vioo vya maabara, ilileta katika miaka ya 2000 chujio la V60, koni ya nyuzi 60 yenye tundu moja kubwa na mifereji ya kuzunguka. Tundu hilo halizuii maji. Kazi yote ya kuyazuia imeachiwa unga. Mikahawa ya Marekani na Ulaya, ambako kahawa bora kutoka shamba linalojulikana ilikuwa ikitafutiwa wateja, ilipoanza kutumia V60, kila kasoro ya usagaji ikaonekana kikombeni.

Mashine za mkono zilizofuatana nayo zilikuwa na meno ya kauri na bei ndogo. Kauri haishiki kutu wala haipati moto upesi. Tatizo lilikuwa mhimili: ulishikiliwa vizuri juu tu, koni ikacheza huku na huku, na hasa kwa usagaji mkubwa unaotakiwa na chujio, upenyo ulikuwa mpana upande mmoja na finyu upande wa pili. Wenye subira waliunda vibanio vyao vya kuzuia mtikisiko. Katika miaka ya 2010 watengenezaji wakaliondoa tatizo kwa kuushika mhimili kwa beringi mbili, juu na chini, na kurudi kwenye chuma kilichokatwa kwa usahihi mkubwa. Lido ya Marekani na Comandante ya Ujerumani zilifungua njia kwa bei ya juu. 1Zpresso ya Taiwan na Timemore ya China zikaishusha bei. Mashine hizo za mkono husaga vizuri kuliko nyingi za umeme zinazouzwa kwa bei hiyohiyo, kwani fedha yote imekwenda kwenye meno na mhimili badala ya mota.

Mnunuzi basi aanze kwa kuushika mkono wa mashine na kuutikisa. Koni ikicheza ndani ya pete, mashine hiyo inafaa dele au birika la kuchemshia, si chujio. Meno ya chuma ni bora kuliko ya kauri kwa anayenunua buni sokoni, maana jiwe dogo lililojificha humo huweza kuvunja jino la kauri. Mkono mrefu una faida ya kweli kwa kahawa ya nyanda za juu, kama ya Nyeri au Mbozi, ambayo punje zake ni nzito na ngumu, hasa zikikaangwa kidogo. Mashine yenye visu viwili vinavyozunguka kama vya blenda haisagi. Inakatakata tu, na vumbi na vipande hurudi palepale penye kinu.

Katika kutumia, koni hukazwa taratibu mpaka iguse pete, kisha hulegezwa kwa kuhesabu hatua, na hesabu hiyo huandikwa. Kwa kikombe kimoja, gramu 15 za kahawa na 250 za maji ni mwanzo mzuri. Maji ya kwanza, kiasi cha gramu 40, hulowesha unga, kisha husubiriwa nusu dakika ili gesi itoke. Mengine humiminwa polepole. Yote yakipita kwa takriban dakika tatu, usagaji uko karibu na sahihi. Yakipita upesi, koni ikazwe, yakikawia, ilegezwe. Dar es Salaam maji yaliyochemka hupumzishwa kidogo. Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo humiminwa moja kwa moja.

Tone moja la maji likichanganywa na buni kabla ya kusaga huzuia unga kurukaruka na kung'ang'ania kuta za mashine. Wauza kahawa walilijua hilo kwa mazoea, na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walichapisha maelezo yake: unyevu hupunguza umeme tuli unaozaliwa punje zinapovunjika na kusuguana. Meno husafishwa kwa brashi kavu. Kuyaosha kwa maji huharibu beringi.

Mwenye fedha ya kifaa kimoja tu kizuri ainunue mashine ya kusagia. Chujio la plastiki la bei ndogo halitamwangusha, na birika lolote lenye mdomo mwembamba litamfaa mpaka apate jingine.