Mzee Ojwang na Historia Isiyoandikwa ya Uigizaji wa Kiswahili

Historia ya drama ya Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata matini zilizochapishwa. Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein ina nafasi yake maktabani, ilhali waigizaji wa runinga hukumbukwa kwa masimulizi tu. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, ni mfano bayana. Katika Vitimbi, kipindi cha Shirika la Utangazaji la Kenya, Mkikuyu huyu alikuwa Mzee Ojwang, mhusika mwenye lafudhi ya Kijaluo. Kijaluo hakina vikwamizo [ʃ] na [z]. Kwa hiyo msemaji wake huelekea kutamka shamba kama samba. Hivyo, ucheshi wa Ojwang ulijengwa juu ya athari za lugha ya kwanza, zilizosikilizwa kwa makini na msemaji wa lugha nyingine. Inaweza kuhojiwa kwamba mzaha huo ulikoleza dhana za kikabila. Hata hivyo, hoja hiyo haiwezi kupimwa kwa kusoma mswada, kwa kuwa lafudhi haiandikwi humo. Hupimwa kwa kusikiliza. Kanda za vipindi hivyo zikipotea, hupotea pia ushahidi wa Kiswahili kilivyosemwa, na kilivyochekwa, nchini Kenya.