Uraia wa Kuazimwa: Waingereza na Haki ya Kuishi Popote Ulaya

Mwaka 1984 mwanamke mmoja Mwingereza alihamia Ufaransa, akaolewa na Mfaransa na kufanya makazi huko. Mkataba wa Maastricht ulipoanza kutumika Novemba 1993, alipata uraia wa Umoja wa Ulaya, na kwa uraia huo akawa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Uraia wa Ufaransa hakuuomba. Baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja huo tarehe 31 Januari 2020, jina lake lilifutwa katika daftari la wapigakura. Alikwenda mahakamani. Tarehe 9 Juni 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba ufutaji huo ni halali: nchi ikishatoka, raia wake hana tena uraia wa Umoja.

Kwa maandishi ya mikataba, hukumu hiyo ni vigumu kuipinga. Uraia wa Umoja huongezwa juu ya uraia wa taifa mwanachama; haujitegemei. Lakini mwanamke huyo hakupiga kura ya maoni ya Juni 2016 iliyoamua Uingereza ijitoe, kwa kuwa sheria ya Uingereza wakati ule iliwanyima kura waliokaa ng'ambo zaidi ya miaka 15. Alivuliwa haki aliyoijengea maisha yake yote ya utu uzima, kwa uamuzi ambao hakuruhusiwa kuushiriki. Hilo naliona dhuluma, hata kama kila hatua yake ilifuata sheria.

Watetezi wa Mkataba wa Kujitoa, uliofungwa kati ya Uingereza na Umoja, watasema ulimlinda, na kweli ulimwachia ukaazi wa Ufaransa. Ila ulinzi huo unaishia mpakani. Mwingereza mwenye kibali cha Ufaransa hawezi kuhamia Italia kwa haki ileile. Huko anahesabiwa mgeni kutoka nje ya Umoja. Mwenzake aliyebaki Uingereza anaruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180 ndani ya eneo la Schengen, na akitaka kufanya kazi ataomba kibali cha nchi husika.

Tena hasara hii haikuwaangukia wote sawa. Mwingereza ambaye bibi yake alizaliwa Ireland anaweza kuomba uraia wa nchi hiyo na kurudishiwa Ulaya nzima. Jirani yake asiye na bibi wa namna hiyo hana mlango. Haki iliyokuwa ya kila raia sasa inategemea ukoo, na hakuna hoja ya mamlaka ya taifa inayohalalisha ubaguzi huo.

Waliojadili Mkataba wa Kujitoa wangeweza kuifungamanisha haki ya kuhama na mtu binafsi aliyekwisha kuitumia kabla nchi yake haijatoka. Hawakufanya hivyo. Kilichorekebishwa ni kura ya Uingereza tu: kikomo cha miaka 15 kwa waishio ng'ambo kiliondolewa Januari 2024. Leo Mwingereza wa Ufaransa anaweza kumchagua mbunge wa Uingereza, lakini diwani wa mahali anapoishi anachaguliwa na wengine.