Neno "Kawaii" na Watoto wa Yoshitomo Nara

Mfasiri akutanapo na neno la Kijapani "kawaii" huharakia kuandika "-a kupendeza". Historia ya neno lenyewe yamkataza. Asili yake ilihusu uso uwakao kwa haya; baadaye likachukua maana ya kumhurumia aliye dhaifu, kisha ya kumpenda kwa udogo wake. Neno nduguye, "kawaisoo", hadi leo ni la kuhurumia.

Ukaidi nao una historia yake. Katika miaka ya 1970 wasichana wa shule nchini Japani walizuka na mwandiko wa herufi za mviringo, wenye mioyo na nyota katikati ya maneno. Walimu waliona taabu kuusoma, na baadhi ya shule zikaupiga marufuku.

Mchoraji Yoshitomo Nara, aliyezaliwa Hirosaki mwaka 1959, huchora watoto wenye vichwa vikubwa na macho ya hasira, pengine kwa penseli au wino juu ya bahasha kuukuu. Wengine wameshika visu. Katika picha yake ya mwaka 2000, iliyouzwa Hong Kong mwaka 2019 kwa dola za Marekani milioni 25 hivi, kisu hakionekani. Kimetajwa katika jina tu, kwamba kiko nyuma ya mgongo. Hapo mfasiri wa jina ndiye amshikishaye mtoto kisu!

Twapendelea "uzuri wa kitoto". Neno "kitoto" mama hulitamka kwa mapenzi, na mkubwa kwa dharau. Dharau hiyo ndiyo inayokaidiwa. "Utundu" haufai: mtundu husamehewa.