Lifti ya ndoo: kuanzia Oliver Evans hadi timazi ya fundi

Leo tuweke tarakilishi kando kidogo. Ukitazama maghala makubwa ya nafaka, kwa mfano kule Nakuru, utaona mnara mwembamba wa chuma umesimama kando ya silo. Ndani yake mkanda mrefu unazunguka, umefungwa ndoo ndogo ndogo zinazochota mahindi chini na kuyamwaga juu. Hiyo ndiyo lifti ya ndoo.

Aliyeiingiza kwenye kinu ni Mmarekani Oliver Evans. Miaka ya 1780 kule Delaware alijenga kinu ambacho ngano iliingia upande mmoja na unga ukatoka upande wa pili bila mtu kubeba gunia. (Sisi waandishi wa programu tungemwita ndugu.) Mwaka wa 1790 alipewa hataza ya tatu kabisa ya serikali ya Marekani. Lifti yake ilikuwa ya mbao na ngozi, tena ilipita katikati ya ghorofa za kinu, kwa hivyo jengo lenyewe liliishikilia.

Mwaka wa 1842, mjini Buffalo, Joseph Dart na mhandisi Robert Dunbar waliiendesha kwa mvuke kupakua meli, zaidi ya busheli 1,000 kwa saa, yaani kama tani 27 za ngano. Baadaye zikaja za chuma, ndefu, zinazosimama nje peke yake. Hapo ndipo kuisimamisha kukawa kazi ya hatari.

Hatari yenyewe si kuanguka tu. Mnara ukiinama kidogo, mkanda huenda upande na kusugua chuma. Msuguano huleta joto, na ndani mmejaa vumbi la nafaka, ambalo likiwa hewani hulipuka. Desemba 22, 1977, ghala la nafaka lililipuka Westwego, Louisiana, likaua watu 36. Siku tano baadaye likalipuka jingine Galveston, Texas. Kanuni za Marekani za 1987 zikataka lifti kubwa ziwe na kifaa cha kuzima mota kabla mwendo wa mkanda haujapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Napenda sana sensa, lakini sensa haiwezi kunyoosha mnara uliopinda.

Kwa hivyo fundi huanza na msingi wa zege. Sehemu ya chini huwekwa kwa pimamaji, kisha vipande vinapandishwa kwa kreni kimoja kimoja, na hakuna mtu anayesimama chini ya mzigo. Timazi hupimwa pande mbili zinazokutana kwa pembe ya digrii 90, kila kipande, si mwishoni. Kreni haiachilii mpaka kipande kimefungwa bolti na mnara umeshikiliwa na waya au nguzo. Upepo ukizidi, kazi inasimama, hata kama kreni inalipiwa kwa saa (na hapa ndipo wakubwa hununa).

Mkanda na ndoo huingia mwisho, swichi kuu ikiwa imefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa fundi aliye ndani. Kifaa cha kuzuia mkanda kurudi nyuma lazima kiwepo kabla ya nafaka ya kwanza, kwa sababu umeme ukikatika, upande wenye ndoo zilizojaa hushuka kwa kasi. Halafu huzungushwa ikiwa tupu, fundi akitazama kama mkanda unabaki katikati ya puli.