“It” ya 1927: Clara Bow na Binti wa Dukani

Februari 1927, miezi minane kabla ya “The Jazz Singer” kuleta sauti za waigizaji kwenye kumbi za sinema, kampuni ya Paramount ilitoa filamu bubu ya mapenzi na vichekesho iitwayo “It”. Fikra yake ilitoka kwa mwandishi Mwingereza Elinor Glyn. Kwa jina hilo alikusudia ule mvuto ambao mtu huwa nao bila kuutafuta, na ndani ya filamu anatokea mwenyewe kuueleza. Maelezo yake tungeweza kuishi bila kuyasoma. Clara Bow ndiye anayetuonyesha mvuto huo.

Bow alizaliwa Brooklyn mwaka 1905, akakulia katika ufukara mkubwa na mama mgonjwa wa akili. Shindano la magazeti alilolishinda mwaka 1921 ndilo lililomfungulia mlango wa sinema. Katika “It” yeye ni Betty Lou, muuzaji katika duka kubwa, aliyempenda bosi wake, Cyrus Waltham, anayechezwa na Antonio Moreno. Siku ya kwenda kula hoteli ya Ritz, gauni la jioni hana. Basi gauni lile lile la kazini linatiwa mkasi chumbani, na binti anatoka kifua mbele. Macho na mabega yake yanasema yote. Maandishi ya kwenye skrini yanabaki kuwa ziada.

Wengi huikumbuka filamu hii kwa uchangamfu huo, lakini uzito wake uko kwa mtoto mchanga. Wanawake wa ustawi wa jamii wanakuja kumchukua mtoto wa Molly, rafiki anayeishi na Betty Lou, kwa kuwa mama hana kazi. Betty Lou anasimama mlangoni na kudai mtoto ni wake. Habari inamfikia Waltham, naye badala ya ndoa anamtolea ahadi ya vito na starehe. Binti anakataa, anaacha na kazi. Hapo kichekesho kinasema wazi jinsi tajiri alivyomthamini msichana maskini. Sehemu ya mwisho, kwenye boti ya anasa, ni nyepesi mno baada ya hayo.

Sauti ilipoingia, studio ziliziona filamu bubu kuwa mzigo, na mikanda yake ya nitrati iliyooza na kushika moto upesi ikaachwa iangamie. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa asilimia 14 tu ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo zimebaki katika umbo lake la asili. “It” nayo ilidhaniwa imepotea, hadi nakala ilipopatikana Prague miaka ya 1960. Mwaka 2001 iliingizwa katika Rejesta ya Kitaifa ya Filamu, na tangu 1 Januari 2023 filamu za mwaka wake hazina tena hakimiliki nchini Marekani. Itafute uitazame.