Elektroliti au Chumvi za Jasho?

Anayelisha farasi wa mbio za masafa marefu hukutana na neno elektroliti kabla hajafika kwenye majani na nafaka. Limechapishwa kwenye makopo ya unga, kwenye mifuko ya chakula cha dukani, na kwenye sirinji zilizojaa uji mzito wa chumvi ambazo wapanda farasi hubeba katika mikoba ya tandiko. Kwa Kiswahili bado halijatulia. Vitabu vya sayansi huliacha lilivyo, elektroliti. Wengine husema madini. Waliozoea kumnywesha mtoto anayeharisha maji ya ORS husema chumvichumvi. Majina yote matatu yana ukweli wake, lakini yakifika zizini yanaweza kumfanya mtu ampe farasi kitu kisichofaa, au kinachofaa kwa wakati usiofaa.

Mchezo wenyewe ni safari ya kilomita 80 hadi 160 kwa siku moja, mpanda farasi na farasi yuleyule. Waarabu wa Ghuba huuita mbio za qudra na tahammul, na sikio la Kiswahili linawatambua humo ndugu wa kudura na wa kuhimili. Mashindano yaliyoupa sura yake ya leo ni Tevis Cup ya California, yaliyoanzishwa na Wendell Robie mwaka 1955: maili 100, yaani takriban kilomita 160, kutoka karibu na Ziwa Tahoe hadi mji wa Auburn, ndani ya saa 24. Njia hupanda milima, kisha hushuka kwenye makorongo yenye joto kali mchana, na karibu nusu ya wanaoanza huishia njiani. Katika vituo kama Robinson Flat na Foresthill farasi husimamishwa saa nzima. Daktari wa mifugo husikiliza moyo na utumbo, hutazama ufizi, hufinya ngozi ya shingo aone inarudi upesi au inabaki imesimama. Kiwango kinachotumika sana katika mchezo huu ni mapigo 64 ya moyo kwa dakika. Farasi asiyeshuka hapo kwa muda uliowekwa hatolewi tena njiani. Wengi wa wanaozuiliwa ambao hawachechemei wana shida moja, nayo inahusu maji na kile kilichoyeyuka ndani yake.

Neno elektroliti lilizaliwa maabara. Michael Faraday wa Uingereza alilitumia mwaka 1834 katika kueleza majaribio yake ya kupitisha umeme katika vimiminika. Alilijenga kwa Kigiriki: elektron, yaani kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe ambao ukisuguliwa huvuta makapi, na lytos, kinachoweza kufunguka. Waajemi nao waliita kaharabu hiyo mnyakua makapi, na katika Kiarabu cha leo jina hilohilo, kahraba, ndilo umeme. Kiswahili kilibaki na kaharabu kwa maana ya utomvu wenyewe, na jina la umeme kikalichukua mawinguni. Kwa mkemia wa sasa, elektroliti ni dutu yoyote ambayo ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji. Maana hiyo ni pana mno kwa mtunza farasi. Asidi iliyomo ndani ya betri ya gari nayo ni elektroliti.

Kwa upande wa mwili, orodha ni fupi: sodiamu, kloridi, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu hushikilia maji katika damu na nje ya seli. Potasiamu hukaa ndani ya seli, hasa za misuli. Kalsiamu huamuru misuli ikaze, na magnesiamu huisaidia ilegee. Neno madini linazibeba zote tano, ila linabeba pia chuma, shaba, zinki na fosforasi, ambazo ni muhimu katika lishe ya kila siku lakini hazina kazi ya dharura kwenye kilomita ya 100. Mtu aliyeambiwa ampe farasi madini anaweza kufungua kopo la unga wa mifupa na kuona ametimiza wajibu.

Linabaki neno la watu wa ORS, chumvichumvi, ambalo liko karibu zaidi na ukweli. Tatizo lake ni kwamba limetoka kwa binadamu, na jasho la farasi si jasho la binadamu. Sisi hutoa jasho lenye chumvi pungufu kuliko damu. Sodiamu katika lita moja mara nyingi ni karibu gramu 1. Lita moja ya jasho la farasi huwa na karibu gramu 3 za sodiamu, zaidi ya gramu 5 za kloridi na gramu moja na nusu hivi ya potasiamu. Jumla ni takriban gramu 10 za chumvi kwa lita, kiasi kinacholingana na ukali wa damu au kuuzidi. Ndani yake mna pia latherini, protini inayotoa povu kama sabuni na kulisaidia jasho lienee juu ya manyoya likauke upesi. Ndiyo maana shingo ya farasi aliyekimbia huwa nyeupe kwa povu. Katika joto na kazi nzito, jasho hilo linaweza kufika lita 10 hadi 15 kwa saa.

Sasa tazama linachofanya kwenye kiu. Binadamu akitoka jasho hupoteza maji kuliko chumvi, damu yake inakolea, ubongo unautambua ukolezo huo, naye anatafuta maji. Farasi hupoteza maji na chumvi kwa pamoja, kwa hiyo damu inapungua wingi bila kukolea sana. Ubongo haupati taarifa. Farasi aliyepoteza zaidi ya kilo 20 za maji anaweza kufikishwa kwenye pipa, akalowesha midomo, akageuza kichwa. Saisi asiyelijua hilo husema hana kiu, basi hahitaji maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walijaribu kuwapa farasi waliokaushwa hivyo maji yenye chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita, kama kinywaji cha kwanza. Farasi hao walikunywa zaidi kwa jumla, na walirudisha uzito wao vizuri kuliko waliopewa maji matupu tangu mwanzo. Maji matupu huizimua damu, na kiu kidogo kilichokuwepo hufa kabla pengo halijazibwa.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba katika habari za farasi wa masafa tuziite chumvi za jasho. Jina hili linasema zimetokea wapi, na kwa hiyo linasema kipimo, aina na wakati.

Tuanze na aina. Katika Afrika Mashariki neno chumvi, kwa mfugaji, hufika hadi kwenye magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron, ambayo mifugo huyalamba tangu zamani. Magadi yana sodiamu, na mtu anaweza kudhani yanatosha. Lakini hayana kloridi ya kutosha, nayo ni alkali. Farasi aliyepoteza kloridi nyingi kwa jasho tayari damu yake imeelekea kwenye ualkali, kinyume cha mkimbiaji wa mbio fupi ambaye misuli yake hujaa asidi. Kumpa magadi, au soda ya kuokea mikate, ni kumsukuma upande anaoangukia. Chumvi za jasho ni kloridi ya sodiamu kwanza, kisha kloridi ya potasiamu. Mchanganyiko unaotengenezwa sana nyumbani ni sehemu mbili za chumvi ya kawaida kwa sehemu moja ya kloridi ya potasiamu. Sukari si ya lazima, kwa kuwa haimo katika jasho. Pakiti ambayo sukari imeandikwa mwanzoni mwa orodha ya viungo inauza utamu.

Kipimo nacho kinafuata jasho. Farasi aliyetoa lita 10 amepoteza gramu 100 hivi za chumvi. Hakuna anayezirudisha zote njiani, wala hahitaji. Hupewa dozi ndogondogo, na zilizobaki mwili huzikusanya kwenye chakula siku zinazofuata. Kumshindilia siku chache kabla ya mbio hakuweki akiba, kwa sababu figo hutoa ziada kwenye mkojo. Siku za kawaida anachohitaji ni kidogo: mwongozo wa lishe ya farasi wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, toleo la 2007, unakadiria gramu 10 za sodiamu kwa farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi, ambazo hupatikana katika gramu 25 hivi za chumvi ya kawaida.

Wakati ndio unaokosewa zaidi. Uji wa chumvi ukisukumwa kinywani mwa farasi aliyekauka ambaye hajanywa, hauna maji ya kuyeyukia tumboni ila yale ya mwilini. Maji yanatoka kwenye damu kwenda kwenye utumbo, na farasi anakauka zaidi kwa muda ule ambao ndio anahitaji nguvu. Uji huohuo, ukirudiwarudiwa kwenye tumbo tupu, huunguza utando wa tumbo na kuchochea vidonda. Kanuni ya wazoefu ni fupi: anywe, ale, ndipo apewe chumvi.

Ale nini? Hapa jina chumvi za jasho haliwezi kusimama bila hei. Farasi wa kilo 450 anapaswa kula majani makavu yasiyopungua asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, karibu kilo 7, na karibu gramu 100 za potasiamu zinaweza kuja humohumo bila kopo lolote. Majani hayo huchachushwa na vijidudu katika utumbo wa nyuma, ambako hutoa asidi za mafuta zinazomwendesha farasi saa nyingi kwa mwendo wa wastani. Nyuzi zake hushikilia maji na chumvi, na mwili huvivuta taratibu jasho linapopunguza damu. Farasi aliyelishwa shayiri nyingi na majani machache anaanza mbio akiwa na ghala hilo nusu. Tena nafaka ikizidi kwa mlo mmoja, wanga huvuka utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, hufika kwa vijidudu na kuzaa asidi, na kinachofuata huwa msokoto wa tumbo au kuvimba ndani ya kwato.

Kuna mahali jina langu linapungukiwa, nalo ni kalsiamu. Katika jasho imo kidogo sana, lakini upungufu wake ndio unaoonekana waziwazi. Ualkali nilioutaja hufanya kalsiamu ishikwe na protini za damu, ile iliyo huru ikapungua, na neva ya kiwambo, ambayo hupita juu ya moyo, ikawa nyepesi kushtuka. Kila moyo unapopiga, kiwambo nacho hushtuka, na ubavu wa farasi hurukaruka kwa mapigo yaleyale. Kiswahili kina neno tayari, kwikwi, na kwikwi ya moyo ingetosha kabisa kuwa jina la hali hii. Farasi mwenye kwikwi hiyo huondolewa mashindanoni papo hapo. Wazoefu wengi hupunguza lusani, yenye kalsiamu nyingi, wiki za kabla ya mbio, ili mwili usisahau kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Kisha huitoa kwa kiasi siku ya mbio yenyewe.

Elektroliti libaki kwenye maabara, kwenye betri na kwenye ripoti ya damu. Kwa mpanda farasi, saisi na mwandishi wa lebo, kidahizo kiwe hivi:

Chumvi za jasho, nomino, ngeli ya i-/zi-, hutumika kwa wingi. Chumvi ambazo farasi hupoteza kwa jasho, hasa kloridi ya sodiamu na kloridi ya potasiamu, zinazorudishwa kwa kadiri ya jasho lililotoka, baada ya maji na majani. Si magadi, si sukari, si dawa ya nguvu.