Asili ya Utata wa Vitufe vya Kusogea Katika Maandishi

Mtu aandikaye kwa kompyuta huingiwa na fadhaa pale anapobonyeza kitufe chenye mshale ili ashuke mstari mmoja, badala yake ikajichapa tarakimu 2. Aghalabu hudhani kwamba mashine imeharibika. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kasoro nyingi za namna hii si ubovu wa mashine, bali ni urithi wa historia.

Programu ya WordStar ilipotolewa mwaka 1978, mitambo mingi ya wakati huo haikuwa na vitufe vya mishale. Kwa hiyo herufi zenyewe zilipewa kazi ya kumwongoza mwandishi, mradi azibonyeze pamoja na kitufe cha Ctrl: E kupanda, X kushuka, S kwenda kushoto, D kwenda kulia. Mpango huo haukutungwa kwa kubahatisha, kwani herufi hizo nne huzunguka vidole vya mkono wa kushoto kama pande nne za dira. Kando yake, A ilirudi nyuma neno zima, na F ikasonga mbele neno zima.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilileta mishale, lakini iliipanga juu ya vitufe vya tarakimu. Kitufe kimoja kikawa na kazi mbili, na Num Lock ikawa mwamuzi. Hapo ndipo ilipozaliwa ile tarakimu 2 tuliyoitaja. Kibodi za IBM zilizofuata katikati ya miaka ya 1980 ziliipa mishale mahali pake. Hata hivyo, ile ya zamani haikuondolewa.

Macintosh ya mwaka 1984, kwa upande wake, haikuwa na mishale kabisa, maana mtumiaji alitakiwa asogee kwa kipanya. Z, X, C na V zilipewa kazi za kutangua, kukata, kunakili na kubandika. Programu za Windows nazo zikaja kuufuata mpango huo kwa kutumia Ctrl. Hapo mkono uliozoea WordStar ukaingia hatarini. Ctrl na A, iliyokuwa ikirudi nyuma neno moja, sasa huteua maandishi yote. Na herufi moja tu ikichapwa baada ya hapo, kazi ya siku nzima hutoweka. Bahati njema, Ctrl na Z huirejesha, iwapo mwandishi hatafunga programu kwa hofu.

Msomaji wa lugha hatashangazwa na hali hii. Neno "kaa" ni kuketi, ni mnyama wa pwani, na ni kipande cha moto. Muktadha ndio unaoamua. Kadhalika kitufe. Basi kinapokosa kutii, tusiulize kwanza, "Kimevunjika?" Tuulize, "Kimo katika muktadha gani?" Mshale ukichapa tarakimu, ibonyezwe Num Lock. Katika Microsoft Word, mishale ikiteua maneno badala ya kusogea tu, huenda F8 ilibonyezwa bila kukusudia. Esc huiondoa hali hiyo. Kibodi ndogo ikikosa Home na End, zitafutwe kwa kushikilia Fn.

Mashine haikosei hapo: inasema lahaja ambayo sisi tumeisahau, au hatukupata kufundishwa.